Reflekti ni sifuri lakini nusu ya RF haifiki kwenye plazma: tuongelee vyanzo vya ioni vya fyusheni

FundiMinara (mwanzisha uzi):
Wakuu salaam kutoka Mwanza. Kuna kauli imezagaa sana kwa mafundi wetu wa redio, kwamba mita ya nguvu inayorudi ikisoma sifuri basi kazi imeisha, nguvu yote imefika inakotakiwa. Naisikia hata kwa vijana wanaotoka chuo. Leo nataka tuichambue kwa mtambo ambao hauna mnara wala antena lakini ni RF (nguvu ya masafa ya redio) tupu, tena RF nzito.

Wanaofuatilia ITER, ule mradi wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati) unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, wanajua plazma ya mle ndani, yaani gesi iliyovunjika kuwa ioni na elektroni, inatakiwa ifike nyuzi milioni 150 hivi. Njia mojawapo ya kuipasha ni kuirushia atomi za dyuteri (haidrojeni nzito) zenye mwendo mkali mno. Ila atomi isiyo na chaji huwezi kuisukuma kwa umeme, kwa hiyo unaanza na ioni, yaani atomi yenye chaji, unaisukuma kwa volti milioni 1, af unaivua chaji njiani ndo inaingia. Hizo ioni zinazaliwa kwenye chanzo kinachoendeshwa na RF ya megahezi 1. Ndiyo, megahezi 1, pale pale kwenye masafa ya kati ambako wazee wetu walikuwa wanasikilizia taarifa ya habari. Chanzo kina silinda nane zilizozungushiwa koili, wenyewe wanaziita drayva, kila moja imepangiwa hadi kilowati 100, jumla kilowati 800.

Sasa Wajerumani wa taasisi ya Max Planck pale Garching ndo walioendeleza aina hii ya chanzo, na walipokaa wakapima kwa makini kwenye mtambo wao wa majaribio, kwa presha ile ile inayotakiwa na ITER, paskali 0.3, wakakuta ni kama nusu tu ya nguvu ya jenereta ndo inaingia kwenye plazma. Nusu nyingine inaishia kuwa joto kwenye shaba. Na hapo mechi (ulinganifu wa jenereta na mzigo) iko safi kabisa, jenereta haioni shida yoyote.

Karibuni tujadili, hasa waliowahi kushika transmita kwa mikono yao.

MzeeWaMasafa:
Mwanangu umegusa kitu ambacho nimekifundisha miaka mingi na bado kinarudi. Dami lodi ni nini? Ni kinzani ya omu 50 ndani ya mafuta au yenye feni. Ukifunga transmita kwenye dami lodi, reflekti inakaa sifuri kuliko hata kwenye antena bora uliyowahi kuiona. Je kuna msikilizaji anakusikia? Hakuna hata mmoja, yote imekuwa joto. Mechi inakuambia jenereta imeridhika na mzigo. Mzigo ukishapokea unaupeleka wapi, mita haijui na haina namna ya kujua.

Kwenye masafa ya kati tulikuwa tunapambana na hilo kila siku, kwa sababu mnara wenyewe unakupa omu chache tu za kurusha mawimbi, na huku chini ardhi ina ukinzani wake. Na hapa Mwanza ardhi yenyewe ni mawe, unazika nyaya za shaba kwenye mlima wa granaiti, unatafuta udongo wa kuzifukia huupati. Mita zote zinasoma vizuri af mtu wa Sengerema anakupigia simu hakupati.

KirumbaBarafu:
Naomba niwe mkweli hapa. Mi naendesha mtambo wa barafu Kirumba, bili ya umeme naijua vizuri, kwa hiyo mambo ya ufanisi yananihusu kabisa. Lakini nimesoma kidogo kuhusu hiyo miali ya ITER, yaani hizo chembe zinazorushwa. Mkondo wa ioni ni ampea 40 kwa volti milioni 1, hiyo ni megawati 40. Halafu nyinyi mnalia na kilowati 400 zilizopotea kwenye koili? Hiyo ni asilimia 1 ya megawati 40! Mi ningekuwa injinia pale ningetafuta pesa yangu kwenye ile 40, hiyo 400 ningeiacha iende zake.

FundiMinara:
@KirumbaBarafu swali zuri na hesabu yako iko sawa. Kwa upande wa bili uko sahihi, hasara kubwa ziko mbele ya safari. Pale kwenye nyutralaiza, yaani bomba lenye gesi ambamo ioni zinavuliwa chaji, zinazofanikiwa kuwa atomi ni kama asilimia 60 tu, zilizobaki zinakengeushwa na kumwagwa kwenye sahani za kupozea. Ongeza na zinazopotea njiani, ndo maana unaanza na megawati 40 ila kinachoingia kwenye plazma kutoka kwenye kila injekta (mtambo mmoja wa kurushia atomi) ni megawati 16.5.

Ila mi sijafungua uzi kwa ajili ya bili. Shida ya hizi kilowati 400 ni MAHALI zilipo. Chanzo chote kinakaa kwenye volti milioni 1 hasi kutoka ardhini. Jenereta za RF nazo lazima zikae kwenye jukwaa lililo kwenye volti hiyo hiyo, limetengwa na ardhi kwa nguzo za kuhami, na umeme wake unapandishwa kwa transfoma ya kutenga. Kilowati unayoipoteza kwenye koili uliinunua kwa bei ya kawaida lakini umeipandisha juu ya jukwaa la volti milioni 1, na joto lake lazima ulishushe kwa maji ambayo nayo yanapita kwenye volti hizo hizo. Piga hesabu ya maji tu, kilowati 400 ukikubali maji yapande nyuzi 20 unahitaji karibu lita 5 kila sekunde, maji yaliyosafishwa mpaka hayapitishi umeme, kwenye vibomba vyembamba vya shaba, kwa saa nzima mfululizo, maana ITER inataka mwali uweze kuwaka hadi sekunde 3600.

Na kuna kubwa zaidi ya joto, ni volti kwenye koili. Hiyo nitaiandika baadaye nikitulia, ina hesabu.

BintiUkerewe:
Shikamooni wakubwa. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu umeme hapa hapa Mwanza. Naomba kuuliza, kwa nini wanatumia ioni HASI? Shuleni tulizoea ioni chanya, unang'oa elektroni moja basi. Hasi si ngumu zaidi kuipata?

Mwl_Nyegezi:
Marahaba binti yangu, na umeuliza vizuri. Ni ngumu kweli. Ile elektroni ya ziada kwenye haidrojeni imeshikiliwa kwa eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati) 0.75 tu, ukiigusa kidogo inaondoka. Lakini huo udhaifu ndo unaotakiwa. Ioni chanya ikishakuwa na mwendo mkali haipati nafasi ya kuokota elektroni kutoka kwenye gesi, inapita kasi mno, kwa hiyo ukiisukuma mpaka eV milioni 1 uwezekano wa kuigeuza atomi unakaribia sifuri. Ioni hasi yenyewe inahitaji KUACHA elektroni, na kuacha ni rahisi hata kwa mwendo huo, ndo hiyo asilimia 60 aliyoitaja mkuu. JET, mtambo wa fyusheni wa kule Uingereza, walitumia chanya kwa sababu volti zao zilikuwa kama elfu 120 tu, huko inawezekana.

Na hizo hasi zinatengenezwa hivi. Plazma ya RF inavunja molekuli za haidrojeni kuwa atomi, atomi zinagonga bamba la chuma lililopakwa seziamu (metali laini), seziamu inalegeza elektroni za bamba, atomi inaondoka na elektroni moja ya ziada. Kwa hiyo kazi ya RF kwa sehemu kubwa ni kuzalisha atomi kwa wingi, kiwanda chenyewe cha ioni ni lile bamba. Watu wengi wanaruka hapo wanadhani koili ndo inatengeneza ioni hasi moja kwa moja.

Kuna kizuizi kingine, elektroni zenye joto zinaiua ioni hasi. Kwenye drayva zinafika karibu eV 10 au zaidi, karibu na bamba zinatakiwa ziwe chini ya kama eV 2, kwa hiyo wanaweka uga wa sumaku katikati kuzipoza.

ChumaIgoma:
Mi sio mtu wa plazma ila nina mashine ya kuchemsha chuma kwa koili, tunapasha shafti kabla ya kuzikaza. Koili ni bomba la shaba maji yanapita ndani. Nikiweka shafti nene chuma kinakuwa chekundu haraka na maji yanatoka vuguvugu tu. Nikiweka kipande chembamba katikati ya koili ile ile kubwa, chuma hakishiki moto vizuri na maji yanatoka ya moto mpaka huwezi kuweka mkono. Mashine ni ile ile na mita ya mashine inasoma vile vile. Hii si ndo mnayoongelea?

FundiMinara:
@ChumaIgoma ndo yenyewe kaka, hukukosea hata kidogo. Kule shafti ni plazma. Na hapo mkono wako kwenye maji umefanya kipimo ambacho mita ya reflekti haiwezi. Garching nao wana njia ya kupima joto la maji ya kupozea, wanajua ngapi imeingia kwenye kipande gani. Ndo ikaonekana kwamba kwenye ile nusu inayopotea, koili yenyewe inakula sehemu ndogo, kubwa inaliwa na NGAO.

BintiUkerewe:
Ngao ipi tena?

Mwl_Nyegezi:
Ngao ya Faraday. Ukuta wa drayva ni seramiki, kwa sababu ukuta wa chuma ungezuia uga wa koili usiingie. Lakini seramiki ikiachwa wazi plazma inaitafuna, haidrojeni ya atomi ni kali, na volti za koili zinavuta ioni zipige ukuta. Basi ndani ya seramiki wanaweka silinda ya shaba inayopozwa kwa maji, imepasuliwa mipasuo mingi ya wima. Bila mipasuo ile shaba ingekuwa kama mzunguko mmoja wa transfoma uliofungwa kwenye ncha zake, mkondo wote ungezunguka pale na plazma isingepata kitu. Mipasuo inakata njia ile ndefu ya kuzunguka silinda nzima, lakini ndani ya kila kipande kati ya mpasuo na mpasuo bado mikondo midogo inajizungusha. Vipande viko vingi, viko karibu sana na koili kuliko plazma yenyewe, ndo joto linapotoka.

MzeeWaMasafa:
Na msisahau kwamba kwa megahezi 1 mkondo hauingii ndani ya shaba. Unatembea kwenye ngozi ya juu, kina cha milimita 0.066 hivi. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 unaingia milimita 9. Kwa hiyo ukitumia bomba nene la shaba ukadhani umepunguza ukinzani, umenunua shaba ya bure, kinachokusaidia ni upana wa uso na usafi wake. Uso ukiota kutu ya kijani unachimbika na viungo vinashika vibaya, na hapo hapo juu ndo mkondo unapopita. Nilikuwa nawasisitizia vijana wasugue koili za sanduku la kulinganishia kila msimu wa mvua ukiisha, unyevu wa ziwa haumwachi mtu.

Wengine wanapaka fedha. Fedha inapitisha umeme zaidi ya shaba kwa asilimia 6 hivi, na kwa sababu ya hiyo ngozi faida yako kwenye ukinzani ni kama asilimia 3. Ni nzuri, ila msitegemee miujiza.

KirumbaBarafu:
Sasa si waondoe hiyo ngao basi? Au waiweke mbali.

Mwl_Nyegezi:
Ukiiondoa seramiki inaliwa, na chembe za seramiki zinachafua plazma na ile seziamu kwenye bamba. Ukiisogeza unapunguza nafasi ya plazma. Kila upande kuna kitu unalipa. Kwenye chanzo cha kuwaka sekunde chache ungeweza kubahatisha bila ngao, ila kwa saa nzima hapana.

FundiMinara:
Sasa nilete ile hesabu ya volti niliyoahidi. Namba za koili hapa ni za mfano tu wa kuhesabia, nimezichagua ziwe rahisi, msizichukue kama za mtambo fulani.

Tuseme koili na ngao kwa pamoja zinaonekana kama ukinzani wa omu 2. Plazma ikiwaka inaongeza omu 2 nyingine. Jumla omu 4. Nusu kwa nusu, ufanisi asilimia 50. Tunataka kilowati 50 ziingie kwenye plazma, kwa hiyo jenereta inatoa 100. Mkondo ni mzizi wa 100,000 gawa kwa 4, unapata ampea 158. Koili ikiwa na mikrohenri 10, kwa megahezi 1 ni omu 63 hivi za kukataa mkondo wa kubadilika. Zidisha kwa 158, ni karibu volti 10,000 kwenye ncha za koili, na kilele chake kinapita volti 14,000. Sasa hiyo koili iko ndani ya tangi la vakyumu, pembeni kuna vyuma vingine, gesi kidogo ikivuja unapata cheche.

Ngoja tufanye mambo mawili tofauti. La kwanza tunapunguza hasara, tunapaka fedha, tunatengeneza ngao bora, omu 2 inakuwa omu 1. Ufanisi unapanda mpaka asilimia 67. Safi, jenereta sasa inatoa kilowati 75 tu na maji yanapumua. Lakini angalieni koili! Plazma bado ni omu 2, bado inataka kilowati 50, kwa hiyo mkondo ni ule ule ampea 158 na volti ni zile zile 10,000. Hatari ya cheche haijapungua hata volti moja.

La pili, tunaacha hasara kama zilivyo ila tunaifanya plazma ishikane vizuri na koili, kutoka omu 2 iwe omu 8. Ufanisi asilimia 80, na mkondo unashuka mpaka ampea 79, volti zinakuwa nusu. Hapo umetibu joto na cheche kwa mara moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ufanisi wangu ni asilimia 70" muulize ameupataje, kwa kupunguza hasara au kwa kuongeza mshikamano? Ni namba moja lakini ni mitambo miwili tofauti. Hili kwangu ndo jambo zito kuliko yote kwenye huu uzi na silioni likisemwa vya kutosha.

ChumaIgoma:
Hapo nimekuelewa kabisa mkuu. Ndo maana shafti nene inanipa amani, sio kwamba koili yangu imekuwa bora, ni mzigo umeshika.

BintiUkerewe:
Na unaongezaje huo mshikamano? Plazma huwezi kuibadilisha kama shafti.

FundiMinara:
Unaweza kwa kiasi dada. Ukiongeza presha ya gesi mshikamano unapanda, vipimo vya Garching vinaonyesha ufanisi ukipanda kuelekea asilimia 65 presha ikiongezwa. Elektroni zinagongana na gesi mara nyingi zaidi, zinachukua nishati ya uga. Tatizo ITER hawaruhusu kupita 0.3, kwa sababu gesi ya ziada inavuja mpaka kwenye kisukumizi (sehemu ya kuzisukuma ioni kwa volti) na kunyang'anya ioni elektroni kabla hazijafika mwendo kamili. Hata kwa hiyo 0.3 wanatarajia kupoteza karibu asilimia 30 ya ioni hapo. Unaona mtego? Kinachomfurahisha mtu wa RF kinamuumiza mtu wa kisukumizi.

Dyuteri nayo inashika vizuri kidogo kuliko haidrojeni ya kawaida. Unaweza pia kuongeza masafa, kubadilisha urefu na kipenyo cha drayva, au kuweka feraiti (kitu kigumu cheusi cha kuongoza uga wa sumaku) kuizunguka koili ili uga usitawanyike nje. Watu wa Chuo Kikuu cha Augsburg, nao Ujerumani, wamefanya kazi nyingi kwenye mitambo midogo ya maabara kuhusu hayo.

MzeeWaMasafa:
Jenereta nazo zimebadilika? Enzi zetu nguvu kama hizo ni taa kubwa za tetrodi, unasikia zinavuma.

FundiMinara:
Mzee wangu ni kama ulikuwepo. SPIDER, ule mtambo wa Padova Italia uliojengwa kuwa chanzo kamili cha ukubwa wa ITER na kuanza kazi 2018, ulianza na jenereta nne za tetrodi za kilowati 200, kila moja inalisha drayva mbili. Zilikuwa zinajitafutia masafa zenyewe kulingana na mzigo. Plazma ikibadilika kidogo masafa yanaruka ghafla na unapoteza nguvu uliyokuwa unaitafuta. Halafu kukawa na cheche za RF nje ya drayva, kwa sababu chanzo chote kiko ndani ya vakyumu. Mwisho wa 2021 walisimamisha wakafanya matengenezo makubwa, na mpango ukawa kuhamia jenereta za transista. Zenyewe masafa unayashika wewe, unayasogeza taratibu mpaka mechi inakaa.

Na ndo mpate kuelewa kwa nini walichagua RF. Vyanzo vya zamani vinatumia filamenti kama za balbu, zinaungua, kuna siku lazima ufungue ubadilishe. Mtambo ambao umeshakuwa na mionzi huwezi kwenda kufungua kila baada ya muda. RF haina filamenti. ITER waliamua hivyo 2007.

KirumbaBarafu:
Sawa nimekubali, hoja ya jukwaa la volti milioni imenishinda. Ila bado nasema kwenye mtambo wa kuuza umeme kwa wananchi lazima mtu aangalie mnyororo mzima, kuanzia waya wa gridi mpaka plazma. Chanzo kikiwa 50, nyutralaiza 60, mwali unapotea njiani, hizo hasara zinakamatana. Mi siwezi kuuza barafu kwa mtindo huo.

Mwl_Nyegezi:
Uko sahihi, na wanaofikiria mitambo ya baada ya ITER wanaliangalia sana hilo. ITER yenyewe haiuzi umeme, ni jaribio, kwa hiyo kwao kuaminika kunatangulia. Mtambo wa biashara utavibana vyote viwili.

BintiUkerewe:
Wakubwa nina jambo. Nimesoma uzi wote nikaenda kwa mjomba anayefanya matengenezo kwenye magodauni, ana taa kubwa mbili zisizo na filamenti, tyubu imejikunja kama fremu ya dirisha na kwenye pande mbili kuna duara jeusi limezungushiwa waya. Lebo yake inasoma kilohezi 250. Hizi si ndo hizi hizi? Naweza kupima ufanisi wake kwa projekti yangu?

FundiMinara:
Dada hiyo ni dhahabu! Taa za induksheni ni plazma ya RF kabisa, na hayo maduara meusi ni feraiti ninazozisema. Pale feraiti inazunguka tyubu na plazma yenyewe ndo mzunguko wa pili wa transfoma, ndo maana zinashika vizuri sana. Ukiiwasha kwa nguvu kidogo kidogo utaona kwanza mwanga hafifu, hapo ni volti za koili tu zinaisisimua gesi, halafu ghafla inaruka inawaka kwelikweli. Kuruka huko ndo mkondo umeanza kuzunguka ndani ya gesi.

Kipimo chenyewe ni cha kutoa. Kwanza unapima mkondo wa koili na nguvu inayoingia BILA plazma, nguvu gawa kwa mkondo mara mkondo, unapata ukinzani wa hasara peke yake. Halafu unapima taa ikiwa inawaka, unapata ukinzani wa jumla. Ufanisi ni moja toa hasara gawa kwa jumla. Garching wanatumia njia hii hii, wao wanafunga gesi ili plazma isiwake.

Mwl_Nyegezi:
Niongeze tahadhari mbili. Njia hii inachukulia kwamba hasara haibadiliki plazma inapowaka. Sio kweli asilimia mia. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, na plazma yenyewe inasukuma uga ukae tofauti, kwa hiyo mikondo kwenye vyuma vya jirani inabadilika. Acha koili ifike joto lile lile kwenye vipimo vyote viwili. Na mkondo upime kwa koili ya Rogowski au transfoma ya mkondo inayofaa kwa kilohezi 250, usitumie klampu ya fundi umeme wa nyumbani, hiyo ni ya hezi 50, itakudanganya.

BintiUkerewe:
Sasa mwalimu, bila plazma nafanyaje? Gesi imefungiwa ndani ya tyubu siwezi kuifunga. Nikipunguza nguvu isiwake mkondo unakuwa mdogo, na nimesoma hasara ya feraiti haipandi sawasawa na mkondo.

MzeeWaMasafa:
Huyu mtoto anafikiri. Mpeni jibu zuri.

FundiMinara:
Hapo umeona kitu ambacho wengi wangekiruka. Feraiti hasara yake inakua haraka kuliko mkondo mara mkondo, kwa hiyo ukipima kwa nguvu ndogo utapata hasara ndogo kuliko ya kweli na ufanisi wako utatoka mzuri wa uongo.

Usivunje tyubu, ina zebaki. Angalia yale maduara, kila moja ni nusu mbili zimebanwa kwa klampu. Zima, chomoa umeme, subiri kapasita zitulie kabisa, fungua klampu, zitoe kwenye tyubu uzibane tena zikiwa tupu kwa mwanya ule ule, hakikisha nyuso za feraiti ni safi maana hata vumbi linaongeza mwanya. Halafu usitumie balasti yake (kifaa kinachoilisha taa umeme) kwa kipimo hiki, bila mzigo inaweza kupandisha volti ikajiua, tumia jenereta ya maabara na amplifaya, na koili iwekee kapasita ya kuitunia kwenye kilohezi 250. Panda taratibu mpaka volti za koili zifike ZILE ZILE ulizozisoma taa ikiwaka, sio mkondo, kwa sababu hasara ya feraiti inafuata volti, na taa ikiwaka sehemu ya mkondo inakwenda kwa plazma. Nguvu utakayosoma hapo ndo hasara yako, gawa kwa nguvu ya taa ikiwaka kwa volti hizo, itoe kwenye moja.

Ukipata namba zilete hapa hapa pamoja na mkondo na volti, ukituletea asilimia peke yake hatutaweza kujua plazma imeshikaje.